Mlo Uliozamisha Vyombo

Chombo cha mbao kinachoelea katika Bahari ya Hindi huanza kuliwa tangu siku kinaposhushwa majini. Ukweli huo umewatawala mafundi na manahodha wa pwani yetu kwa muda mrefu kuliko dola yoyote iliyopata kupandisha bendera Mombasa au Unguja. Hati ya Kigiriki ya karne ya 1 iliyoeleza biashara ya Bahari ya Eritrea inataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta, mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Tangu vyombo hivyo hadi mitepe ya Lamu, na tangu mitepe hadi majahazi yanayoundwa bado Nungwi, Matondoni na Jibondo, fundi amekuwa na kazi mbili: kukiunda chombo, kisha kukizuia kisiliwe. Kazi ya kwanza ina mwisho, na mwisho wake husherehekewa kwa dua na karamu. Ya pili haiishi mpaka chombo chenyewe kiishe.

Mlaji huyo ni wa ukoo wa chaza na kombe, ingawa mwili wake mrefu na laini umewafanya wengi wamdhanie mnyoo. Wanasayansi humwita teredo, pamoja na ndugu zake wa jamii kadhaa. Wenye vyombo humjua kwa matundu anayoyaacha. Gamba ambalo kwa chaza hufunika mwili mzima, kwake limebaki vipande viwili vidogo vyenye meno upande wa kichwa, na kwa vipande hivyo hukereza mbao usiku na mchana. Huingia akiwa mchanga sana, kupitia tundu lisilozidi kichwa cha pini, halafu hukua humo humo ndani, akiipaka chokaa njia anayoichimba. Hatoki tena. Kwa nje ubao huonekana mzima, na nahodha anaweza kuugonga kwa mkono akaridhika, kumbe ndani umebaki kuta nyembamba baina ya mashimo.

Historia ya mapambano na mnyama huyu kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vifaa: lami, mafuta, shaba, rangi, na jinsi kila taifa lilivyovumbua chake. Nadhani inaeleweka vizuri zaidi ikisimuliwa kama historia ya mlo. Teredo anaangamiza vyombo kwa kuwa ameweza jambo ambalo wanyama wengi hawaliwezi, yaani kuishi kwa kula mbao, na ameliweza kwa kushirikiana na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Ukiuelewa ushirika huo, utaona kwa nini dawa zilizofaa karibu zote zilikuwa zile zilizouzuia mlo usianze, na kwa nini zile zilizomngojea mnyama akiwa tayari ndani ya ubao zilikuwa kazi bure. Utaona pia kwamba desturi za pwani, ambazo vitabu vingi huzipitia kwa sentensi moja kana kwamba ni mazoea tu ya watu wasio na shaba, zilikuwa na mantiki thabiti.

Wadachi walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1730 waligundua kwamba magogo yaliyokinga kingo zao za bahari, kingo ambazo bila hizo sehemu kubwa ya nchi yao ingekuwa chini ya maji, yalikuwa yameliwa mpaka yanakatika. Wahubiri walisema ni adhabu ya Mungu. Watu walijaribu lami, walijaribu sumu, walijaribu kupigilia misumari mingi kwenye gogo moja mpaka chuma kifunike mti. Mwaka 1733 Godfrey Sellius alichapisha kitabu kizima juu ya mnyama huyo na kuonyesha kwamba ni jamaa wa kombe. Hata hivyo elimu hiyo haikuokoa gogo hata moja. Kilichookoa nchi kilikuwa mawe: kingo zilijengwa upya kwa miteremko ya mawe, mengine yakiletwa kwa meli kutoka nchi za ng'ambo na mengine yakiokotwa mashambani, hata jimbo la Drenthe likalazimika mwaka 1734 kutunga sheria ya kuyalinda makaburi yake ya kale ya mawe yasibomolewe. Uholanzi, kwa maneno mengine, ilishinda kwa kumnyima mnyama chakula. Jeshi la majini la Uingereza nalo lilifuata njia hiyo hiyo kwa namna yake lilipoivisha manowari HMS Alarm mabati ya shaba nyekundu mwaka 1761. Shaba huwazuia watoto wa teredo wasifike kwenye ubao. Haimdhuru yule aliyekwisha kuingia.

Kwa nini mlo huu una nguvu kiasi hicho? Mbao ni chakula kigumu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu yake kubwa ni selulosi, nyuzi ambazo wanyama wengi hawana vimeng'enya vya kuzivunja, ndiyo maana mtu hawezi kushiba kwa kutafuna vumbi la msumeno. Pili, hata ukiivunja selulosi unapata sukari tu. Naitrojeni, ambayo kila mwili unaihitaji ili kujenga protini, imo kwenye mbao kwa uchache sana. Mnyama anayeishi kwa mbao peke yake angekuwa na nguvu za kuchimba na asiwe na cha kujengea mwili. Teredo hukua haraka, na katika baadhi ya jamii hupita urefu wa mita moja. Hesabu hiyo haikukubali, na wataalamu waliotazama vyombo vilivyoliwa walikuwa nayo mbele yao kwa karne mbili bila kuiuliza swali lake.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1975, pale E. J. Carpenter na J. L. Culliney walipoonyesha kwamba ndani ya teredo kuna unasaji wa naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini, kazi ambayo katika viumbe vyote hufanywa na bakteria na jamaa zao tu. Mwaka 1983 John Waterbury, C. Bradford Calloway na Ruth Turner walimtenga bakteria mwenyewe na kumkuza maabara: aliweza kuvunja selulosi, na aliweza pia kuinasa naitrojeni. Uwezo huo wote katika kiumbe kimoja ndio hasa ambao mlaji wa mbao anauhitaji. Mwaka 2002 bakteria huyo alipewa jina la Teredinibacter turnerae, kwa heshima ya Turner, na heshima hiyo ilimstahili. Mwanamke huyu wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapanga teredo wa dunia nzima katika orodha moja iliyotoka mwaka 1966, kazi iliyofanywa kwa kupasua mbao chakavu kutoka bandari za kila bahari. Bila orodha hiyo mtafiti asingeweza hata kujua ni teredo yupi aliyemshika mkononi. Mwaka 2007 kundi jingine lilifaulu kuonyesha kwa picha jinsi naitrojeni inayonaswa na bakteria inavyoingia katika chembe za mwili wa mnyama mwenyewe. Hapo hesabu ilikubali: mnyama anatoa nyumba na mbao zilizosagwa, bakteria wanatoa vimeng'enya na naitrojeni. Kwa maneno mengine, mlo wa mbao ndio uliopanga ni bakteria gani wakae mwilini mwake.

Msomaji makini atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Ikiwa hoja ni kwamba mlo hupanga bakteria wa mwilini, mbona bakteria hawa hawakai tumboni? Kweli, hawakai. Wanaishi ndani ya chembe maalumu za mashavu ya kupumulia, mbali na mahali mbao zinapomeng'enywa. Utumbo wa teredo una mfuko mkubwa unaojaa vumbi la mbao, na waliouchunguza mfuko huo walishangaa kukuta karibu hauna bakteria kabisa, kinyume cha mchwa na ng'ombe, ambao matumbo yao yamefurika viumbe vidogo. Lakini mwaka 2014 utafiti juu ya teredo wa jamii ya Bankia ulionyesha kwamba vimeng'enya vinavyotengenezwa na bakteria wa mashavuni vinasafirishwa mpaka kwenye mfuko huo na kufanya kazi humo. Bakteria wako upande mmoja wa mwili na kazi yao iko upande mwingine. Faida yake ni rahisi kuiona: sukari inayotoka kwenye mbao haina wa kuigombania, yote ni ya mnyama. Kwa hiyo pingamizi linaibadili hoja bila kuiangusha. Mlo umeamua bakteria gani wakae, na umeamua pia wakae wapi. Utumbo mtupu wa teredo ni matokeo ya ushirika huo sawasawa na utumbo uliojaa wa mchwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kuna mnyama mwingine wa baharini anayekula mbao, mdogo kama punje ya mchele, wa jamaa ya kamba na kaa, aitwaye Limnoria. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba utumbo wake hauna bakteria wakazi, na kwamba mwili wake mwenyewe unatengeneza vimeng'enya vya kuvunja selulosi, vikiwemo vya aina ambayo ilidhaniwa haipatikani kwa wanyama. Basi mbao zinaweza kuliwa bila msaidizi. Nakubali, na wala sidai kwamba kila mla mbao lazima awe na bakteria. Lakini mtu anayeisoma historia ya vyombo lazima auulize ukubwa wa hasara. Limnoria hutafuna juu juu. Alama zake huonekana, na kipande alichokila huweza kuparwa au kubadilishwa. Teredo ndiye anayekwenda ndani mpaka ubao mzima ukawa sega la nyuki. Sidhani ni bahati kwamba yule anayepata naitrojeni kwa washirika wake ndiye anayeweza kuzama maisha yake yote ndani ya mbao na kurefuka humo.

Ushahidi unaonishawishi zaidi umetoka kwa teredo walioacha mbao. Katika matope meusi ya ghuba moja ya Mindanao, Ufilipino, anaishi Kuphus polythalamia, mkubwa kuliko wote, mwenye bomba la chokaa linalofikia mita moja na nusu. Mabomba yake matupu yalijulikana na wataalamu tangu karne ya 18, lakini taarifa ya kisayansi ya mnyama akiwa hai, iliyoongozwa na Daniel Distel na wenzake, ilitoka mwaka 2017. Ukubwa wake wote huo, na bado hali mbao ya maana. Utumbo wake umesinyaa, na mashavu yake yamejaa bakteria wa aina nyingine kabisa, wanaopata nguvu kwa kuunguza gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza inayotoka kwenye matope ya mikoko. Yaani mlo ulipobadilika, bakteria walibadilika na utumbo ukabadilika. Mwaka 2019 akaelezwa mwingine kutoka mto Abatan katika kisiwa cha Bohol, huko huko Ufilipino: yeye hutoboa mawe ya chokaa, akiyameza na kuyatoa kama mchanga, na ule mfuko wa mbao hana. Atakayesema kwamba bakteria huenda walitangulia kubadilika na mlo ukafuata, hana kosa. Mpangilio wa matukio yaliyopita kwa mamilioni ya miaka ni vigumu kuuthibitisha. Ninachosema ni kwamba hayo mawili yameandamana, na hakuna ushahidi kwamba ukoo huu uliwahi kubadili kimoja ukabaki na kingine vile vile. Hata nje ya ukoo huu dalili ni hizo hizo: katika pwani ya Nova Scotia, Kanada, wale wanyama wa mviringo wenye miiba wanaokula mwani walikutwa, katika miaka ya 1970 na 1980, na bakteria wa tumboni wanaonasa naitrojeni, nao mwani wanaoula ni chakula chenye naitrojeni haba.

Sasa turudi kwenye ufuo wa Afrika Mashariki, kwa kuwa huko ndiko hoja hii inakopata uzito wake wa kihistoria. Mikoko ni kiwanda cha mbao zinazoanguka ndani ya maji chumvi, na teredo alikuwapo humo kabla ya seremala wa kwanza. Gogo la mkoko lililoanguka huliwa naye, naitrojeni inayonaswa na bakteria wake hubaki katika mwili wake, na mwili huo huwa chakula cha wengine. Biashara ya boriti, iliyowapeleka manahodha wa Lamu, Unguja, Uajemi na Ghuba katika delta ya Rufiji, iliviweka vyombo vyao kwa majuma mengi ndani ya makazi hasa ya mnyama huyu. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na Wakuwaiti katika msimu wa 1938 hadi 1939, alikwenda nao mpaka Rufiji kwa ajili ya boriti hizo. Tunapozisoma safari kama hizo kwa kuhesabu boriti, tende na chumvi peke yake, tunaiacha gharama moja nje ya hesabu: kila siku ya kungoja shehena mtoni ilikuwa siku ya watoto wa teredo kutafuta ubao usiopakwa.

Dawa ya pwani ilikuwa deheni, shahamu ya mnyama iliyochanganywa na chokaa, aghalabu chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, ikapakwa sehemu yote inayokaa chini ya maji. Ili kuipaka, chombo kilipwelezwa wakati wa bamvua, maji yalipokupwa kikabaki juu ya mchanga kimeegemezwa magogo, kikaparwa chaza na mwani, kikatiwa kalafati palipolegea, kikapakwa, na maji yakijaa kikaelea. Kwa vyombo vidogo, mitumbwi na ngalawa, moto wa makuti ulipitishwa chini ya ubao. Mtu anaweza kudhani kwamba kukiweka chombo juani kungetosha. Teredo ana vizibo viwili vya chokaa nyuma ya mwili wake; akihisi hatari huingiza mirija yake ya maji ndani, akaziba tundu, na anaweza kuvumilia hivyo kwa majuma kadhaa. Kukianika chombo siku mbili hakumuui. Ndiyo maana kupweleza peke yake hakukuwa tiba. Joto la moto lilimfuata mchanga ambaye hajaingia ndani sana, na deheni ilifunika ubao kabla mwingine hajatua. Dawa zote mbili zinalenga saa ile fupi ambayo mnyama hajaanza kula mbao, au ndiyo kwanza anaanza, na bakteria wake hawajapata cha maana cha kuvunja.

Hapa nalazimika kumjibu msafiri mwenye heshima kubwa. Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza vyombo vya kushonwa kwa kamba za makumbi vikipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na mafuta ya papa akayataja kuwa bora. Sababu aliyoitoa ni kuulainisha ubao ili usivunjike ukigonga miamba, mdudu hakumtaja. Je, hiyo si dalili kwamba tunawasingizia mafundi wa kale nia ambayo hawakuwa nayo? Sidhani. Mafuta ya papa, ambayo Waswahili huyaita sifa, yalikuwa zaidi ya ubavu wa juu, pale jua na mvua zinapopasua mbao, na huko sababu ya Ibn Jubayr inaingia akilini. Deheni ni kitu kingine, kizito, cha chini ya maji, chenye chokaa ambayo haiulainishi ubao. Watu waliotofautisha dawa ya juu na dawa ya chini, wakairudia ya chini kila baada ya miezi kadhaa maadamu chombo kinafanya kazi, walikuwa wanajua wanachokizuia hata kama hawakuwa na jina la bakteria. Wala simaanishi kwamba mdudu ndiye sababu pekee. Chaza na mwani hupunguza mwendo, na nahodha anayewahi kusi asingekubali chombo kizito. Lakini mwani unaparwa na kazi ikaisha. Kilichohitaji kufunikwa upya kila mara kilikuwa ubao wenyewe.

Kipimo kizuri cha hoja hii ni mahali ambapo kinga ilisahauliwa. Sehemu ya kaskazini ya ghuba ya San Francisco, Marekani, ilijengwa magati ya mbao kwa imani kwamba maji yake, yanayochanganyika na maji baridi ya mito, hayafai kwa teredo. Imani hiyo ilikuwa sahihi mpaka mito ilipopungua kwa ukame na umwagiliaji, maji yakazidi chumvi, na kati ya 1919 na 1921 magati yakaanguka moja baada ya jingine. Wahandisi wa huko waliunda kamati, wakachunguza, wakaacha maandishi mengi yanayosomwa mpaka leo. Mafundi wetu walijua zaidi kwa mazoea ya vizazi na wameacha maandishi machache mno.

Pengo hilo ndilo linaloniumiza, na bado linaweza kuzibwa. Boti za plastiki na nyuzi za kioo zinachukua nafasi ya majahazi, na deheni inapotea pamoja na watu wanaojua shahamu ya mnyama gani ilishika vizuri, chokaa kiasi gani, ilikaa miezi mingapi Lamu na mingapi Mafia, na kama ubao wa mwembe uliliwa upesi kuliko wa mbambakofi au msaji. Majibu hayo yana thamani mara mbili. Mwanahistoria atayatumia kupima gharama halisi ya biashara ya majahazi. Mwanabaiolojia atayatumia kujua ni mbao zipi ambazo teredo wa pwani hii na bakteria wao huzimudu na zipi huwashinda, jambo linalotafutwa sasa na maabara zinazotaka vimeng'enya vya kuvunja mbao. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa vina wanafunzi wa historia na wa sayansi za bahari ambao wangeweza kwenda pamoja Jibondo au Matondoni na daftari moja, wakae na mafundi wakongwe wakati wa bamvua, waandike kila kipimo na kila aina ya mti.